Moto wa Aprili

Jumatano, 17 Aprili 2024

Mvua tena. Asubuhi jua kali, saa nane mawingu yakapanda kutoka upande wa ziwa, ngurumo, basi. Keshokutwa tunapanda kilima cha Manga na Watafuta Njia, watoto wa kanisani. Wazazi hawaachi kupiga simu: mwalimu, si mngengoja Agosti? Singoji. Nataka wajifunze kuwasha moto mvuani; moto wa Januari, wa kiangazi, kila mtu anauweza. Hawa watoto wanaishi Nyamira, huku mvua ndiyo mwenyeji.

Lakini kuni. Kuni zinaninyima usingizi.

Alhamisi, 18

Nimepita kwa omong'ina, yule bibi mzee wa bonde la chini. Alipogoa chai mwaka jana, matawi yamekaa juu ya moshi wa jikoni mpaka yamekuwa meusi. Ukivunja moja, linalia ta! Amenifungia mzigo mzima, na magunzi nusu gunia. “Mwanangu, usiyaweke chini. Hata kidogo.” Nimeyafunga kwa nailoni mara mbili.

Jioni redio: helikopta ya Jenerali Ogolla, mkuu wa majeshi, imeanguka, amekufa pamoja na wengine. Tumekaa jikoni, chai ikapoa. Siandiki zaidi.

Ijumaa, 19

Naandikia ndani ya hema, tochi mdomoni.

Tulifika kila kitu kimelowa. Haraka, maana Sabato inaingia jua likizama na chakula kilitakiwa kiwe kimeiva. Wavulana wakaniletea mkaratusi uliolala kwenye nyasi, mzito, unatoa maji. Rudisheni. Tawi likipinda bila kulia si kuni. Nikawapeleka kwenye saipras: yale matawi membamba ya chini, yaliyokufa yakiwa bado kwenye shina, mvua haiyafikii vizuri. Halafu tukapata mwati mkavu uliosimama wima. Tukaupasua kwa panga. Ganda chepechepe, moyo mkavu kabisa. Msichana mmoja mdogo wa gredi ya sita akachukua kibanzi akakiweka shavuni, macho kafumba. “Hiki hakina baridi, mwalimu!” Ndivyo hasa. Shavu linajua kuliko vidole.

Mawe ya mtoni nimeyakataa. Jiwe lililonywa maji hupasuka likipata moto, na watoto wamelizunguka.

Mzazi mmoja alitufuata na chupa ya mafuta taa, roho nzuri. Nimemshukuru, nikaifungia garini. Mafuta huwaka yenyewe, yakiisha kuni ziko vilevile, na mtoto hajajua kitu.

Fito mbichi chini, zimepangwa kama kitanda. Juu yake vibanzi, magunzi, matawi ya chai. Msichana akapiga njiti, upepo ukaizima. Akageuka, akaupa upepo mgongo, akapiga nyingine. Moshi mweupe, mzito, wote tunalia machozi. Wavulana tayari wameshika magogo. Ngojeni! Bado! Nilikuwa nimekunja ngumi mfukoni nisiingize mkono wangu. Kisha ule mlio wa chai ikishika, na moshi ukakonda.

Ndipo magogo, moja moja, mengine yamezungushwa pembeni yajikaushe huku povu linachemka kwenye ncha zake. Ugali uliiva kabla ya jua kuzama. Nina furaha isiyo na adabu.

Jumamosi, 20

Usiku ilinyesha. Tulikuwa tumefukia makaa kwa majivu na kuegemeza bati juu yake. Nimefukua alfajiri: mekundu! Tumepasha maziwa.

Jioni, Sabato ilipotoka, moto mkubwa na nyimbo mpaka sauti zikakauka. Msichana wangu alikuwa akiwaonyesha wadogo zake kibanzi na shavu. Sikumtuma.

Jumapili, 21

Kushuka kwenye utelezi, matope hadi magotini, hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Mahema yanachuruzika varandani.

Mama yake yule msichana kanipigia saa hizi, anacheka: amefukuzwa jikoni kwake. Binti anapasua kuni upya, anasema zile za mama zina baridi.