SEHEMU YA 4: Wanaozamia Masoko, hii ni yenu

Leo tunaiacha presha ya damu, tunaongelea presha ya maji.

Wengi mmeniuliza kuhusu video za wazamiaji wa Cape Town: maji ya baridi, miamba, misitu ya mwani, sili wanawazunguka kama watoto wa mbwa. Inavutia kweli. Ila wale wana mitungi ya hewa, suti nene na mwenzao pembeni. Mpwa wangu anazamia Ziwa Masoko, wengine tunaliita Kisiba, kutafuta sarafu ambazo inasimuliwa Wajerumani walizitupa humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yeye ana kaptula na pumzi moja tu.

Masoko ni shimo la volkano, kina chake kinazidi mita 30. Mwaka 2015 jarida la Science liliandika kuhusu samaki wake: wa pembeni ni wa njano, wa kule chini kwenye mwanga hafifu ni wa bluu iliyokolea, na wanaanza kuachana kama koo mbili. Samaki wamechukua mamia ya miaka kuzoea kule chini. Wewe umejipa dakika mbili.

Sasa nisikilize vizuri. Kinachokulazimisha upumue ni hewa chafu inayojaa mwilini, siyo oksijeni kupungua. Vijana huwa mnahema harakaharaka kabla ya kuzama ili "mjaze pumzi". Hapo hujajaza chochote, umezima kengele! Ukiwa mita 10 chini, presha ni karibu mara mbili ya juu, kwa hiyo oksijeni kidogo iliyobaki bado inakutosha. Ukipanda presha inashuka, oksijeni inaanguka ghafla, unazimia karibu kabisa na uso wa maji. Huumwi, huogopi, hupigi kelele. Ndiyo maana hata muogeleaji hodari anaondoka hivihivi.

Kwa hiyo:

1. Usihemeheme kabla ya kuzama.
2. Usizamie peke yako. Mmoja chini, mmoja juu anaangalia.
3. Pumzika vya kutosha kabla ya kurudi chini.
4. Mwenzako akitolewa hapumui, msimning'inize wala kumkamua tumbo. Mpe pumzi kwanza, kisha mbane kifua mara 30 kwa pumzi 2, bila kuacha, huku mtu anatafuta usafiri.

Mpwa wangu nimemwambia: sarafu imekaa humo miaka mia na zaidi, haina haraka. Mama yako ndiye anayekusubiri.

Mtumie kijana mmoja wa Masoko ujumbe huu leo. Sehemu ya 5 kesho.