Braza mchumi, lakini kachacha!

Wiki hii sina umbeya wa mjini. Nina kosa nataka nilitubu hapa hapa.

Mimi nimeishia form four, lakini nina braza anayesomea udaktari. Siyo ule wa sindano, ni PhD ya uchumi, tena Marekani, jimbo la Illinois. Alipopanda ndege mwaka 2022 ukoo mzima ulijua shida zimekwisha. Mchumi si ndiye mwenye siri ya pesa? Mjomba aliacha hata kumtaja kwa jina, akawa anamwita Benki Kuu.

Na mimi sikubaki nyuma. Hata miezi miwili haijaisha nikamwomba simu ya maana. Akatuma. Nikatamba nayo Temeke nzima.

Kumbe mwenzenu nilikuwa natamba na chakula cha mtu! Braza anaishi kwa posho ya chuo, anayoipata kwa kusahihisha mitihani na kusaidia kufundisha wanafunzi wa digrii ya kwanza. Kwa viza yake ya mwanafunzi, muhula ukiendelea haruhusiwi kupitisha saa 20 za kazi kwa wiki, tena hapo hapo chuoni. Ikitoka kodi ya chumba, inabaki ya mchele na maharage. Mwezi ule wa simu, hata mchele ulikuwa wa kupima.

Na shule yenyewe siyo mchezo. Mwaka wa kwanza hakuna cha kuhesabu noti, ni hesabu za herufi tupu: mikro, makro na ekonometriki. Mwisho wa mwaka kuna mtihani wa mchujo. Chuoni kwake ukifeli mara mbili, unapewa digrii ya uzamili na safari njema.

Juni 2023 akanipigia saa tisa usiku, kwao ikiwa saa moja jioni. "Dogo, nimefeli makro. Imebaki nafasi moja, Agosti. Mama asijue."

Nikakosa la kusema, nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko maktaba anasoma utafiti wa Kagera, kwetu kabisa. Kati ya 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Muhimbili walipita kwenye kaya zaidi ya 900 mkoani kule, kuona vifo vya ukimwi vinaziacha familia katika hali gani.

"Watu wa kwetu wamo humu, dogo. Ila hawana majina, wana namba." Halafu akacheka. Eti walipotafutwa tena mwaka 2004, waliohama mkoa walikuwa wamewaacha mbali kimaisha wale waliobaki. "Sasa mimi nimehama mpaka huku, mbona nashuka?"

Alicheka, lakini nilisikia sauti inakatika.

Jumapili yake ikakaa kamati ya harusi ya dada. Mjomba akamwandikia Benki Kuu milioni 3. Makofi! Akapigiwa papo hapo, akajibu, "Sawa mjomba." Na mimi ninayejua kila kitu nikanyamaza, simu yake ikiwa mkononi mwangu. Hilo ndilo kosa langu.

Usiku usingizi ukagoma. Asubuhi nikaenda Kariakoo nikaiuza ile simu, nikamkabidhi mama hela, nikamweleza yote. Nilitegemea alie. Akaniangalia tu. "Kwani mwanangu nilimpeleka akatafute hela au akasome?" Akampigia mwenyewe: "Soma baba. Harusi itapita na pilau kidogo."

Harusi ikapita, pilau kidogo kweli. Agosti braza akafaulu, kwa kukwaruza lakini akafaulu.

Mjomba aliposikia akasogeza kiti. "Kwa hiyo sasa ataanza kulipwa?" Nikamwambia bado, hapo ndiyo kwanza anaelekea kwenye utafiti, na hiyo ni miaka mingine kadhaa. Mjomba akameza mate, akaomba chai.

Siku hizi natumia kitochi, na braza bado anakomaa na utafiti wake. Wewe mwenye ndugu majuu, mpigie leo. Muulize kala nini. Halafu kata simu bila kuomba kitu, uone atakavyoshtuka!