Nilivyokwenda London Kujifunza Kulia

Majira ya joto ya Wazungu ndiyo msimu wetu wa kahawa Kituntu. Julai ile wenzangu wakichuma, mimi nilipanda ndege kwenda London, kozi ya uigizaji ya wiki tatu. Ada nilisamehewa, nauli ilitoka kwenye kahawa ya mzee, misimu miwili. Wapo waliouliza: Bagamoyo si kuna chuo cha sanaa tangu 1981? Sikuwa na jibu. Nilitaka ndege, basi.

Asubuhi sauti, mchana mwili, jioni Shakespeare. Zamu yangu nikapewa Antony mbele ya maiti ya Caesar. Nikakitema Kiingereza hadi jasho likanitoka. Mkufunzi akasema, "Maneno nayasikia. Maiti siioni."

Kesho yake nikajaribu kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, ambaye tafsiri yake ya mchezo huo ilitoka 1963. Katikati nikamwona bibi, kalazwa kwenye mkeka. Msibani kwake sikulia, nilijikaza kiume. Pale mbele ya wageni nikashindwa kumaliza.

Wakanipigia makofi. Mimi niliona aibu: bibi kanilea, halafu machozi yake nayamwaga kwa watu wasiomjua!

Niliporudi, mzee alikuwa akigeuza kahawa uani. "Haya, umejifunza nini?"

Nikamsimulia yote. Akaendelea kugeuza kahawa ile ile, bila kuinua uso. Kisha akasema, "Kaburi lake limeota majani. Kesho asubuhi ukapalilie."