Kwa Mpwa Wangu Aliyeacha Vidonge

Muhoroni, Jumapili jioni

Mpwa wangu,

Huku kwenye miwa mvua imekataa kupisha na matrekta yamekwama topeni. Ukiona mwandiko umepinda, ni huu mkono wa kulia, ambao kisa chake hujawahi kusimuliwa chote.

Mama yako alinipigia simu. Anasema ulipimwa presha huko Nairobi ukakutwa na 168 kwa 104, ukapewa amlodipini ya miligramu 5, ukaimeza wiki tatu, kisha ukaiacha kwa kuwa kichwa hakiumi tena. "Amepona," akasema, na sikujua kama ananiarifu au ananiuliza.

Unajua nilikaa kwenye mizani ya miwa miaka 27. Tela linaingia limefurika mpaka miwa inaburura barabarani, dereva anaapa kwa jina la mamake kwamba hizo ni tani 12. Mizani inasema 9. Anakuja mwingine na mzigo wa kawaida, miwa mibichi ya asubuhi hiyo, kumbe huo ndio mzito. Baada ya mwaka mmoja niliacha kuutazama mzigo, nikatazama mshale tu. Sasa wewe, mtoto wa dada yangu, unajipima presha kwa kuuliza kichwa! Mtu anaweza kuwa na 180 na bado analima, anacheka, anacheza mpira. Presha haibishi hodi.

Na mimi niliyekuwa nikiwacheka madereva nilifanya lile lile lako. Mwaka 2016 nilikuwa nimemeza dawa miezi saba, mwili ukawa mwepesi, nikaliacha kopo kwenye rafu, nyuma ya chumvi, vidonge vikiwa nusu. Miezi minne baadaye, alfajiri, nilinyanyua kikombe cha chai nikakiona kinaanguka. Sikuhisi kikiniponyoka, nilikiona tu, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine. Nikamwita mkaza mjomba wako. Mimi nilidhani nimetamka jina lake. Yeye anasema alisikia mngurumo. Wakanikimbiza Kisumu, kwenye ile hospitali tunayoiita Russia mpaka leo kwa sababu Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga. Kiharusi. Kitasa cha mlango kilinishinda mwaka mzima.

Nasikia pia kuna jirani aliyekwambia umelogwa kwa sababu ya kazi mpya. Si uchawi. Mwaka 1929 daktari mmoja, Donnison, aliandika katika jarida la Lancet kuhusu watu wa Kavirondo Kusini, ng'ambo ya ghuba yetu: presha zao hazikupanda na umri kama za watu wa Ulaya. Hao ni kizazi cha babu zetu. Kisha Poulter na wenzake wakawafuata Wajaluo waliotoka vijijini huku kuhamia Nairobi, wakachapisha matokeo mwaka 1990. Miezi michache tu mjini, presha za wahamiaji zilikuwa zimepita za wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na potasiamu kidogo. Yaani walikupima wewe kabla hujazaliwa. Mchawi wako yuko kwenye chipsi za jioni na kile kikopo cha chumvi unachokitikisa kabla hujaonja. Mpunguze, na mboga za kienyeji zirudi kwenye sahani. Ila kwa 168, mboga peke yake haitoshi. Vidonge ndivyo vinavyoishikilia presha, na ukiviacha inarudi ilikokuwa.

Kuna jambo ambalo hukumwambia mama yako, nami nalijua kwa sababu nimewahi kuwa na umri wako. Vijana mnaogopa kwamba dawa za presha zinamaliza nguvu za kiume. Zipo chache zinazoweza kuleta shida hiyo, lakini presha yenyewe, ikiachwa, huharibu mishipa, hata ile ya huko. Ukiona mabadiliko, mwambie daktari akubadilishie. Vifundo vya miguu vikivimba kwa hiyo amlodipini, vivyo hivyo, mwambie. Dawa za presha ziko za aina nyingi. Asiyekuwapo ni daktari wa kukisia usilolisema. Na zile diclofenac unazonunua kwa kemisti baada ya mechi, acha, zinaipandisha.

Kidonge cha presha kimeze saa ile ile kila siku. Mimi nameza changu redio ikianza taarifa ya saa moja asubuhi. Ukisahau, meza ukikumbuka, lakini usimeze viwili pamoja kufidia.

Siku ya kupimwa, usiingie ukitoka kukimbilia matatu. Sisi kwenye mizani hatukupima kitu kabla mshale haujarudi kwenye sifuri. Keti dakika tano, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee. Wakikufunga mkanda wa kipimo juu ya shati nene, kataa.

Usiningoje nije Nairobi kukushika mkono. Kesho kabla ya kazi pita kliniki, waeleze kwamba uliacha, wala usione haya, wanawaona kama wewe kila siku. Wakikupima, niandikie namba zote mbili. Zangu leo asubuhi ni 132 kwa 84.

Mimi mjomba wako