Nyumba yetu inatoka jasho

Zamu hii ni yetu kuandika, na tumeamua kuandika juu ya maji yanayotuangukia usiku. Msicheke kwanza.

Mwezi wa 7 hapa Nakivale mvua hakuna, vumbi tu. Lakini asubuhi tulikuwa tunaamka blanketi la Mama limelowa, unga wa posho umeshikamana kwenye mfuko, madaftari ya mdogo wetu yana madoa meusi. Matone yalitoka kwenye bati, meusi kama chai ya rangi kwa sababu ya masizi. Tukasema bati limetoboka. Sisi tunaojitolea ndio tunaandika majina ya nyumba zinazovuja kijijini kwetu, basi tukajiandika na sisi, pamoja na majirani wanne wenye shida ile ile.

Aliyetushtua ni mzee jirani, fundi wa nyumba tangu tulipokuwa Uvira. Alipanda juu, akakagua misumari mmoja mmoja, akashuka anacheka. "Wanangu, mvua iko wapi? Hii nyumba haivuji. Hii nyumba inatoka jasho."

Akauliza tunapika wapi. Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia katikati: upande huu sigiri, upande ule magodoro. Sasa maharage yakichemka masaa matatu, yale maji tunayoongeza kila mara yanakwenda wapi? Yanapanda. Usiku huku kuna baridi, na bati ni jembamba, linapoa haraka kuliko ukuta wa udongo. Mvuke ukiligusa unageuka maji, kama chupa ya soda baridi inavyolowa ukiiweka mezani. Na pumzi za watu sita waliolala zinaongezea.

Dawa, akasema, ni kutoboa ukuta juu, pande mbili, hewa ipite.

Hapo Mama akakataa. Mama hataki dirisha. Nyumba tuliyoiacha Congo ilikuwa na dirisha kubwa, na usiku ule waliingilia pale. Hatutaandika zaidi ya hapo. Tangu tufike huku yeye ndiye anafunga mlango kila jioni na kuziba chini kwa nguo, na sigiri anaiacha ndani tupate joto. Hiyo ndiyo ilitutisha kuliko matone, maana makaa yanatoa sumu isiyo na harufu. Unaweza kulala usiamke. Asubuhi nyingi Mama alikuwa anaumwa kichwa, sisi tukadhani ni mawazo.

Tulibishana siku tatu. Mmoja wetu alimjibu vibaya, ikabidi apige magoti kuomba msamaha. Mwishowe Mama mwenyewe alitoa masharti: tundu lisipitishe ngumi yake. Akasimama pale anapima na mkono huku fundi anatoboa. Matundu manne chini ya bati, mawili kila upande, tukayaziba kwa kipande cha chandarua kilichochanika. Sigiri ikahamia nje chini ya turubai. Maharage tunayalowesha tangu usiku, yanaiva mapema na makaa kidogo, na sufuria inafunikwa. Magodoro tumeyasogeza mbali na ukuta.

Matone hayajaisha kabisa. Asubuhi za baridi kali tunakuta machache kwenye misumari, tunafuta na kitambaa. Siku moja upepo ulituzidi tukarudisha sigiri ndani, ila mlango tuliuacha wazi mpaka makaa yakatolewa. Mama anavaa sweta mbili na analalamika. Kichwa hakijamuuma tena.

Ikabaki ile orodha. Tulirudi kwa wale majirani wanne na mzee wetu. Wawili bati zao zimetoboka kweli, unaona mwanga wa jua ukiwa ndani. Wawili ni jasho kama sisi. Tukafuta majina matatu, la kwetu likiwa la kwanza. Lakini kufuta jina la mtu kwenye orodha ya msaada huku kambini si kitu kidogo, nyinyi mnajua. Dada mmoja hatusalimii mpaka leo. Anasema tumeshiba ndiyo maana. Tulimwambia Jumamosi tutakuja kumtobolea matundu, hakujibu kitu.

Tutaenda tu. Tindo tumeazima, na chandarua kimebaki kipande.