Sasa Nauliza: Nani Ameinukuu?

Kwetu Kenyenya, Kisii, mtafiti wa afya alijulikana kama mtu wa fomu. Anafika na gari, anauliza umri wa mama, idadi ya watoto, choo kiko wapi, anachukua tone la damu kidoleni, kisha anashika njia ya Ogembo. Walikuja wa lishe, wa minyoo, wa uzazi wa mpango. Majibu hayakurudi. Kwa miaka mingi niliamini kwamba damu ya watoto wetu kazi yake ni kuwapandisha watu vyeo Nairobi na Ulaya, basi. Imani hiyo imenitoka, na nataka kusimulia ilivyonitoka, kwa sababu wengi kwetu bado wanayo.

Ilianza kunitoka darasani, niliposomea afya ya jamii na kufundishwa jinsi rekodi ya mtafiti inavyopimwa. Huhesabiwa makala alizochapisha, kisha mara ambazo watafiti wengine wamezinukuu. Eugene Garfield wa Philadelphia ndiye aliyeanza kuorodhesha manukuu ya sayansi kwa mpango, na faharasa yake ikatoka mwaka 1964. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California akaziunganisha hesabu hizo mbili katika kipimo kimoja, h. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa mara 10 au zaidi, na hujafikisha 11 za namna hiyo, h yako ni 10.

Nilichukua kalamu nikaijaribu. Mtafiti mmoja ana makala tano zilizonukuliwa mara 400, 12, 9, 4 na 1. Mwingine ana zake tano: 5, 5, 5, 5 na 1. Wote wawili h yao ni 4! Ile makala ya 400, ambayo huenda ndiyo iliyobadili tiba, imemezwa. Tena hesabu haitofautishi sifa na lawama. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010, lakini imenukuliwa mara nyingi mno, na wengi wanaoinukuu wanaikanusha.

Ningeishia hapo, ningerudi nyumbani na dharau yangu ikiwa imepata ushahidi. Lakini mwalimu alitutaka tutafute utafiti wa kwetu, halafu tusome walioutaja, mmoja baada ya mwingine.

Nikaandika mtandaoni Kisii na malaria. Ikatokea makala ya mwaka 2002, ya Guyatt, Snow na wenzao. Julai 2000, katika miaka ile ambayo mvua ndefu zikiisha wodi za Kisii zilikuwa zikifurika, walifanya kazi katika maboma 590 ya nyanda za juu. Kati ya wasiokuwa na kinga yoyote, asilimia 13 walikutwa na vimelea. Kulala ndani ya neti yenye dawa kulipunguza hatari kwa asilimia 63, na kulala katika chumba kilichopuliziwa dawa kwa asilimia 75. Kuzuia maambukizi ya mtu mmoja kwa kupulizia kuligharimu dola 9, kwa neti dola 29. Hayo ndiyo majibu niliyodhani hayakuwahi kuandikwa.

Nikaendelea. Mwaka 2007, Greg Fegan, Abdisalan Noor, Willis Akhwale na wenzao walichapisha katika Lancet habari za watoto wapatao 3,500 wa Kisii, Bondo, Kwale na Makueni. Waliolala ndani ya neti zenye dawa, vifo vyao vilikuwa pungufu kwa asilimia 44. Mwaka mmoja kabla, Kenya ilikuwa imegawa neti milioni 3.4 bila malipo. Na Agosti 2007 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa kutaka neti zigawiwe bure au kwa bei nafuu sana, lilitaja ushahidi huo wa Kenya. Watoto wa Kisii wamo katika ile asilimia 44. Nilipolisoma hilo nilinyamaza kwa muda mrefu.

Kwa hiyo siku hizi sidharau hesabu ya manukuu, wala siichukui kavu. Naifungua. Nikiona makala imenukuliwa mara 60, nauliza na nani: watafiti wenzake tu, yeye mwenyewe, au mwongozo wa tiba wa wizara? Mwongozo mmoja unaofika zahanati ya kijijini, kwangu mimi, unazidi manukuu mia ya watu wanaoandikiana. Wahariri na wachapishaji wa majarida ya sayansi waliokutana San Francisco mwaka 2012 nao walitaka kazi ipimwe kwa kilichomo ndani yake, isipimwe kwa ukubwa wa jarida lililoichapisha.

Ninyi mnaokaa katika kamati za kupandisha vyeo, mwombeni mtafiti aonyeshe kazi yake imefika wapi, pamoja na h yake. Nawe mzazi wa Kenyenya, atakapokuja tena mtu wa fomu, muulize jina la utafiti na la mtafiti mkuu, uliandike kwenye kitabu cha kliniki cha mtoto. Baada ya miaka miwili mitatu, mpe kijana mwenye simu aitafute makala hiyo, mkae nayo muisome. Ni haki yenu.