Ukuta wa Chokaa

Mimi naishi Kimaka, lakini chumba cha vijana wetu kiko mjini Jinja, nyuma ya duka kwenye Main Street. Ni zile nyumba za zamani za Wahindi, zimeshikana: ukuta wa kushoto ni wa jirani, wa kulia vilevile. Bati la jirani likitoboka, sisi ndio tunaloa.

Mwaka jana tulipiga plasta ya simenti pale ukuta ulipobomoka. Miezi 3 tu, ikaanguka yote. Fundi mmoja mzee akatucheka. "Wanangu, ukuta huu ni wa chokaa, unapumua. Simenti imeuziba pua, maji yamebaki ndani." Tukabandua, tukangoja ukauke, tukapiga chokaa na mchanga. Mpaka leo imeshika.

Siku ile kijana mmoja aliniuliza, "Kaka, kwa nini tutoke jasho kwa nyumba si yetu? Kesho watatupandishia kodi." Nilikosa jibu. Nikawaza waliojenga mtaa huu. Mwaka 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Sisi kule Kivu tulipata usiku mmoja. Nyumba yetu sijui nani analala humo sasa. Kama kuna mtu, naomba awe anaziba bati, maana upande wa jikoni lilikuwa linavuja.

Kodi ilipanda kweli, mwezi huu. Tumechanga, tumelipa. Jumamosi tunazibua mfereji wa paa kabla mvua haijaanza. Njoo na ngazi kama unayo.